Yusuf bin Hassan: Mtoto wa Mvita Aliyelelewa na Mapadri

Watoto wa Kikatoliki wa Changamwe na Likoni, kabla ya kupokea komunyo ya kwanza, hufundishwa kuungama. Hufunzwa kuyakumbuka makosa yao, kuyajutia, kuyataja mbele ya padri na kutimiza malipizi. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba mtoto aanze akifikia umri wa akili, yaani kiasi cha miaka 7.

Umri huo ndio aliokuwa nao mtoto wetu wa Mvita, Yusuf bin Hassan, alipotiwa mikononi mwa mapadri. Tofauti ni kwamba watoto wa leo hupelekwa na wazazi wao. Yusuf alipelekwa na wale waliomwua babake.

Babake, Sultani Hassan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa Kireno wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara. Huko, mwaka 1614, aliuawa na Wamusungulo waliohongwa na Wareno. Mwanawe akachukuliwa hadi Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Alibatizwa, akaitwa Jerónimo. Tangu mwaka 1215 sheria ya kanisa lao ilimtaka kila mwenye akili aungame walau mara moja kwa mwaka, na mtoto huyu naye akawa chini ya sheria hiyo.

Akakua, akatumikia merikebu za Wareno, akaoa mke Mkristo. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa kuwa mfalme, na mwaka uliofuata akamwandikia Papa barua ya utii. Kwa nje, malezi yalikuwa yamefaulu.

Lakini watu walimwona akizuru kaburi la babake kwa siri na kumwombea Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Yusuf alijua kinachomngoja: kupelekwa Goa, mbele ya mahakama ya dini, iliyokuwa haina huruma kwa aliyebatizwa kisha akarudi nyuma.

Hakungoja. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni kwa mkono wake mwenyewe, akatangaza Uislamu wake. Kisha Wakristo wa mjini, Wareno na wenyeji, wakatakiwa kusilimu au kufa. Wengi walikataa, wakauawa, mapadri na wanawake na watoto miongoni mwao.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo pa kutafakari. Tuliosoma chuoni twajua kwamba imani ya kulazimishwa si imani. Yusuf alionja uchungu huo tangu utotoni, kisha akawanywesha wenziwe kikombe kile kile.

Merikebu za Goa zilikuja mwaka 1632 zikashindwa kuitwaa ngome. Hata hivyo, mwezi Mei mwaka huo Yusuf aliihama Mombasa kwa jahazi, akawa mwindaji wa Wareno baharini. Alifariki kiasi cha mwaka 1638, upande wa Bahari ya Sham, mbali na kaburi alilolizuru kwa siri.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwa mtoto aliye mikononi mwa wamtakiao mema. Lakini Yusuf alikunjwa angali mbichi, na bado hakukunjika.