Maji Yakijaa Hupwa: Maisha ya Naftali Temu

Wahenga wetu wa Pwani walisema maji yakijaa hupwa, na neno hilo halikuwekwa kwa bahari peke yake. Huwafika wafalme na matajiri, na huwafika mabingwa wa michezo. Leo, msomaji, tumtazame bingwa mmoja wa bara, marehemu Naftali Temu. Siku yake ya maji kujaa inajulikana. Ya kupwa kwake ni wachache waulizao.

Nchi ya Wagusii, kuanzia Itumbe hadi Nyamira, ni nchi ya vilima, chai na migomba, na mtoto wa huko huzoea kupanda na kushuka tangu hajaota meno ya pili. Upande wa Nyamira ndiko kwao Temu, aliyezaliwa mwaka 1945 na baadaye akawa askari katika jeshi la Kenya.

Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo. Sisi watu wa Mombasa twaikumbuka michezo hiyo kwa sababu bendera ya Kenya huru ilibebwa na kijana wetu Seraphino Antao. Temu hakuwa na jina bado. Mbio za mita 10,000 zilimshinda kumaliza, na katika marathoni akawa wa 49. Hakukata tamaa. Miaka miwili baadaye, mjini Kingston, Jamaica, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, alimshinda katika maili sita Ron Clarke wa Australia, mtu aliyekuwa akivunja rekodi za dunia kama avunjaye vijiti.

Ikaja Mexico, tarehe 13 Oktoba 1968. Mji ule uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na pumzi huko ni adimu. Kipchoge Keino alitoka mbioni kwa maumivu ya tumbo. Clarke alifika wa sita, akaanguka na kuzimia. Katika mzunguko wa mwisho Mhabeshi Mamo Wolde alichomoka akatangulia. Lakini kutangulia si kufika: karibu na utepe Temu alimpita, akashinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wa tatu alikuwa Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Siku chache baadaye, Gammoudi alitwaa dhahabu ya mita 5,000, Keino fedha, na Temu shaba.

Wengi hudhani Keino ndiye aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Sivyo. Keino alishinda wiki moja baada ya Temu, na kati yao alikuwamo Amos Biwott. Mlango aliufungua Temu.

Kisha maji yakaanza kupwa. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, bingwa wa Olimpiki alimaliza wa 19. Angeweza kukaa nyumbani na nishani zake, watu waendelee kumsifu. Badala yake alikwenda Munich mwaka 1972, akasimama tena kwenye mstari wa mita 10,000. Safari hii mbio zilikuwa na mchujo, na Temu akaachwa huko huko kwenye mchujo. Keino alitwaa dhahabu nyingine. Taji alilovuliwa Temu lilikwenda kwa Lasse Virén wa Finland, aliyeanguka katikati ya mbio, akainuka na kuvunja rekodi ya dunia. Temu alikuwa na umri wa miaka 27 tu.

Shangwe zilihamia kwa wengine. Yeye alirudi kwao, kwenye shamba alilopewa na Rais Jomo Kenyatta. Alifariki mjini Nairobi Machi 2003 kwa ugonjwa wa saratani.

Sisi wanadamu tuna tabia mbaya: humbeba mtu mabegani akishinda, na akishindwa hata salamu twamnyima. Kumbe aliyeachwa kwenye mchujo Munich ni yule yule aliyefungua mlango Mexico. Na kusimama mstarini wakati nguvu zimekuacha na macho ya watu yakutazama ni ushujaa pia, ingawa hauna nishani.

Maji kujaa na kupwa ni kazi yake Mola. Ya kwetu ni kutosahau ni nani aliyetangulia kuvuka.