Habari za Sewa Haji Paroo, Tajiri wa Bagamoyo

Mgonjwa wa Njombe akizidiwa na ugonjwa ulioshinda hospitali zetu za huku, kama Ilembula au Ikonda, huandikiwa barua apelekwe Dar es Salaam. Ndugu zake humpakia katika basi, au hungoja naye gari la moshi la TAZARA hapo Makambako, wakashuka naye pwani, hali mioyo yao imejaa hofu ya mji wasiouzoea. Wafikapo Muhimbili, wengine huelekezwa jengo la Mwaisela, wengine Kibasila, na wengine Sewahaji. Wengi hulitaja jina hilo la Sewahaji tangu siku ya kulazwa mpaka siku ya kurudi kwao, pasipo kujua kwamba lilikuwa jina la mtu, mwenye duka, mizani na vitabu vya hesabu. Hakuwa Mkristo, wala maisha yake hayakuwa ya milima hii. Lakini kwa kuwa wagonjwa wetu wamelala chini ya jina lake, ni haki tuzijue habari zake.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Wahindi Waismailia, ambao asili yao ni nchi ya Kachi huko Bara Hindi. Baba yake, Haji Kanji, alifanya biashara Unguja, na yapata mwaka 1860 akafungua duka Bagamoyo. Mwaka 1869, Sewa alipokuwa kijana wa miaka 18, kazi ile ikawa mikononi mwake.

Zamani zile Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya Tabora na Ujiji ilianzia hapo, na kurudi hapo. Mtu aliyetaka kwenda bara alihitaji nguo za merikani, ushanga, masango, bunduki na baruti. Na zaidi ya vyote alihitaji wapagazi, maana hapakuwa na reli, wala gari, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Vyote hivyo Sewa Haji aliweza kuvitoa. Tena misafara iliporudi, alinunua pembe za ndovu, pembe za vifaru, meno na ngozi za viboko. Hivyo alipata faida mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na kabla hajawa mzee akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa mrima.

Mwaka 1871 alifika Bagamoyo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akiwa na haraka ya kwenda bara kumtafuta Dakta Livingstone. Alitaka wapagazi zaidi ya mia, akapelekwa kwa kijana huyu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 20 tu. Katika kitabu chake Stanley alimwandika vibaya sana. Alisema kwamba kijana yule alimcheleweshea wapagazi, akamdhulumu katika hesabu ya nguo za ujira, na alipobanwa hakuona haya. Kwa kitabu hicho jina la Sewa Haji, limeharibiwa tahajia yake, lilisomwa Ulaya kama jina la mlaghai.

Je, ilikuwa kweli? Stanley mwenyewe hakuwa shahidi mpole. Aliwapiga wapagazi viboko, na kila aliyemchelewesha alikuwa adui yake. Lakini si vema kumsafisha Sewa Haji kupita kiasi, eti kwa kuwa baadaye alitoa sadaka. Biashara ya wapagazi ilikuwa biashara ngumu. Mtu alichukua mzigo wa frasila mbili kichwani au begani, pamoja na mkeka na chungu chake, akaenda mwendo wa miezi mitatu hivi mpaka Tabora. Ujira ulipatanwa kwa mikono ya nguo, na katika kupima mikono hiyo ndipo matajiri walipopatia faida. Mali ya Sewa Haji ilitoka katika mabega ya watu, na bila kukumbuka hilo hatuwezi kuupima vizuri uzito wa alilolifanya baadaye.

Kwa maana wapagazi waliugua. Ndui ilifuata misafara kama mbwa afuatavyo bwana wake. Kuhara damu, homa na vidonda vya miguu vilikuwa mambo ya kila siku. Aliyeshindwa kutembea aliachwa kijijini au kando ya njia. Aliyefika Bagamoyo akiwa mgonjwa alifika katika mji asiokuwa na ndugu wa kumchemshia uji. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliojenga hapo tangu mwaka 1868, waliwauguza wengi, lakini haja ilizidi mikono yao. Upande wa Wazungu mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Desemba 1889 Emin Pasha alipoanguka kutoka ghorofani katika karamu hapo Bagamoyo, alichukuliwa mara moja akatibiwa katika hospitali ya Wadachi majuma mengi. Mpagazi aliyeanguka na mzigo wake hakuwa na mahali kama hapo.

Baada ya vita vya Abushiri Wadachi walishika pwani yote, na mwaka 1891 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Mji mpya ukaanza kujaa watu: mafundi, makuli wa bandarini, askari, watumishi wa nyumbani. Hao ndio maskini wa mji, namna mpya ya maskini katika nchi yetu. Kijijini maskini ana shamba na jamaa. Mjini, siku akiugua, ujira wake umekatika na kodi ya chumba inamngoja.

Sewa Haji aliyaona hayo. Alikuwa na maduka na nyumba katika miji yote miwili, na sasa alianza kutoa. Huko Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa liwe shule, akaweka sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe. Kwa wakati ule sharti hilo lilikuwa la ajabu kuliko jengo lenyewe, kwa kuwa serikali ilizoea kuwagawa watu kwa rangi katika mitaa, shule na hata makaburi. Huko Dar es Salaam alitoa fedha, rupia 12,400, ijengwe hospitali ya kuwatibu Waafrika, Waarabu na Wahindi. Hospitali hiyo ikaitwa kwa jina lake. Wazungu walijengewa yao mbali, ufukweni, ile ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897.

Nyumba ya wagonjwa si kuta tu. Wajuao kazi hii wanajua kwamba kujenga ni jambo la mara moja, lakini mgonjwa hula kila siku. Sewa Haji, mtu wa hesabu, alilijua hilo. Aliusia kwamba mashamba na majengo yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam yawe chini ya serikali, na pato lake litumike kwa haja za hospitali na kwa matunzo ya wenye ukoma. Wenye ukoma ndio ambao kila mji uliwafukuza, na hakuna aliyetazamia faida kutoka kwao. Alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi.

Hospitali yake ilidumu kuliko serikali iliyoipokea. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliuteka mji, wakaendelea kuitumia. Ni katika vita hivyo wapagazi walikusanywa tena kwa maelfu, wakawekwa kambini katika mtaa ambao mpaka leo huitwa Kariakoo kwa sababu yao. Kisha mji ukakua mno. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu kama 69,000, na ile ya 1957 ikapita 128,000. Miongoni mwao walikuwako watu wa Njombe walioshuka pwani kutafuta kazi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mji mdogo wa Wadachi haikuweza kuwatosha hao wote.

Kwa hiyo ikajengwa hospitali nyingine kubwa, nayo mwaka 1956 ikapewa jina la Princess Margaret wa Uingereza. Hospitali ya zamani ikaondolewa. Baada ya uhuru jina la binti mfalme likafutwa, ikaitwa Muhimbili, na mwaka 1963 mafunzo ya madaktari yakaanza hapo. Katika mabadiliko hayo yote jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo halikupotea. Lilihamishiwa katika jengo la wodi.

Matibabu ya serikali yalitolewa bure miaka mingi, mpaka mwaka 1993 wananchi walipoanza kuchangia gharama. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasiojiweza waliwekewa msamaha, lakini kila mwalimu aliyewahi kupeleka mgonjwa mjini anajua jinsi nauli, dawa na chakula cha muuguzaji vinavyomaliza gunia la mahindi na mbuzi wa nyumbani. Swali alilokutana nalo Sewa Haji, ya kwamba nani atalipia kitanda cha asiyekuwa na kitu, bado linaulizwa katika mabaraza ya parokia zetu kila achangiwapo mgonjwa.

Jioni, saa ya kuwaona wagonjwa, ndugu husimama langoni Muhimbili wakishika vyombo vya uji na khanga zilizokunjwa. Wapo wasemao Kibena, wapo wasemao Kizaramo, wapo Wahindi pia. Mlinzi huwauliza waendako, nao humjibu kwa jina la mtu aliyekufa mwaka 1897.