BOB MARLEY NA SANTURI ISIYOVUMA

Katika makambi ya jeshi na mabwalo ya polisi, jina la Bob Marley halihitaji kutambulishwa. Nyimbo zake za mapenzi na za kuliwaza moyo zinajulikana na kuruta na afisa vilevile. Hata hivyo, wako miongoni mwetu wanaomtazama kwa jicho la shaka. Wanakumbuka kwamba Marasta wenzake humwita polisi Babiloni, na kwamba wimbo wake mmoja mashuhuri wa mwaka 1973 ni kisa cha mtu aliyempiga risasi sherifu. Sisi tunaona kwamba wanaompenda na wanaomshuku wote humpima kwa nyimbo zilezile chache, huku wakiiacha santuri ambayo ndani yake alisema na watu wenye silaha.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari, 1945, katika kijiji cha Nine Mile, nchini Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa msichana wa kijijini mwenye umri wa miaka 18. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Mzungu msimamizi wa ardhi ya serikali ambaye watu walimwita Kapteni. Mtoto alimwona kwa nadra sana. Bob alikulia Trench Town, mtaa wa makabwela mjini Kingston, na huko, mwaka 1963, yeye na wenzake Peter Tosh na Bunny Livingston wakaunda kundi la Wailers.

Usiku wa tarehe 3 Desemba, 1976, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, watu wenye bunduki walivamia nyumba yake wakamjeruhi yeye, mkewe Rita na meneja wake. Siku mbili baadaye Marley alipanda jukwaani na majeraha yake. Kisha akahamia London, na mwaka 1977 ikatoka santuri ya Exodus, ambayo mwaka 1999 gazeti la Time la Marekani liliiita bora kuliko zote za karne. Kaya, iliyotokana na kazi ya kipindi hichohicho, ilitoka mwaka 1978 ikabezwa: ilisemekana kwamba mpiganaji amelainika. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Askari aliyerudi kutoka mstari wa mbele anajua kwamba kupumzika si kusalimu amri.

Mwishoni mwa mwaka 1978 Marley alizuru Ethiopia, akafika Shashamane, mahali ambapo Mfalme Haile Selassie aliwatengea ardhi watu weusi wa ng'ambo. Katika safari hiyo alianza kuutunga wimbo wa Zimbabwe, na Oktoba 1979 ikatoka santuri ya Survival. Jalada lake limejaa bendera za nchi huru za Afrika, na ya Uganda yenye korongo imo. Penye jina la santuri pamewekwa mchoro wa meli ya watumwa, watu wamelazwa wamebanana kama shehena. Santuri hii haibembelezi. Wimbo mmoja unarejea shambulio la kuviziwa nyumbani kwake. Mwingine unaihimiza Afrika iungane.

Ilipotoka, vita vya Rhodesia vilikuwa bado vinapiganwa, na wajumbe walikuwa London wakijadiliana. Wimbo wa Zimbabwe ulitetea haki ya wanyonge kushika silaha. Lakini mtunzi hakuishia kushangilia. Aliwaonya wapigania uhuru juu ya ugomvi wa madaraka ndani ya safu zao, na juu ya mamluki. Nani mwingine, miongoni mwa waliowashangilia, aliwaambia hayo mapema hivyo?

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili, 1980, bendera mpya ilipandishwa katika uwanja wa Rufaro, mjini Salisbury, ambao tangu mwaka 1982 unaitwa Harare. Marley alikuwapo, baada ya kugharimia mwenyewe usafirishaji wa vyombo vyake. Wananchi waliofungiwa nje walisukuma malango, polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Upepo, kama wajuavyo wenzetu wa kutuliza ghasia, hauna upande: moshi ulifika jukwaani na wanamuziki wakalazimika kuondoka kwa muda. Kesho yake Marley aliwapigia wananchi tena, bila kiingilio.

Miezi saba haikupita. Mwezi Novemba 1980, huko Entumbane, Bulawayo, wapiganaji wa ZANLA na ZIPRA, waliowekwa jirani wakingoja kuunganishwa katika jeshi moja la taifa, waligeuziana silaha. Februari 1981 wakapigana tena, kwa ukali zaidi, na watu wengi wakapoteza maisha. Wakati huo Marley alikuwa mgonjwa mahututi wa saratani. Alifariki dunia mjini Miami tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Mwaka 1984 nyimbo zake zilizopendwa zilikusanywa katika Legend, iliyouza nakala zaidi ya milioni 25. Humo umo wimbo wa Buffalo Soldier, juu ya askari weusi wa vikosi vya farasi vya Marekani. Kutoka Survival hamna hata wimbo mmoja. Anayetaka kumsikia Marley wa Rufaro hana budi kuitafuta santuri yenyewe; wimbo wa Zimbabwe ni wa pili, upande wa kwanza.