Franz Stuhlmann

Franz Stuhlmann (Hamburg, 29 Oktoba 1863 – Hamburg, 19 Novemba 1928) alikuwa mtaalamu wa zoolojia, mpelelezi na afisa wa serikali ya kikoloni kutoka Ujerumani. Nchini Tanzania anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam.

Maisha

Baada ya masomo ya chuo kikuu, Stuhlmann alifika Zanzibar mwaka 1888 kuchunguza wanyama wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1890 aliondoka Bagamoyo pamoja na Emin Pasha katika msafara wa kuelekea maziwa makuu, na mwaka 1891 alipanda milima ya Ruwenzori hadi kimo cha takriban mita 4,000. Ugonjwa wa ndui ulipoenea katika msafara, Emin alimwagiza atangulie na watu wenye afya. Hawakuonana tena, kwani Emin aliuawa Kongo mwaka 1892.

Bustani ya Dar es Salaam

Mwaka 1893 Stuhlmann aliongoza idara ya kilimo ya koloni na kuanzisha bustani hiyo. Haikuwa ya mapambo: ilikusudiwa kujaribu mazao ambayo yangeweza kuuzwa Ulaya. Mwaka 1902 kazi ya utafiti ilipewa makao mapya huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, naye akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi hiyo.

Sera ya mazao ya biashara iliwaumiza wenyeji. Kulazimishwa kulima pamba kulikuwa sababu mojawapo ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905.

Leo bustani imebaki katikati ya jiji, karibu na Makumbusho ya Taifa, upande wa mashariki wa Kariakoo na Jangwani. Mahali pa mazao ya majaribio sasa pana jakaranda, mikrismasi, minazi ya Shelisheli, hibiski nyekundu na bogenvilia. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Huoteshwa kwa vipandikizi, hupenda jua kali na udongo usiotuamisha maji, na hupogolewa baada ya kuchanua ili itoe matawi mapya yenye maua. Isipopogolewa hurefuka ovyo na kufunika mimea ya jirani.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1908 alirudi Hamburg kuwa katibu mkuu wa Taasisi ya Kikoloni. Aliandika vitabu kuhusu historia ya mimea na mifugo ya Afrika ya Mashariki (1909) na kuhusu kazi za mikono za wenyeji (1910).

Kumbukumbu

Jenasi ya miti Stuhlmannia na aina ya fuko wa dhahabu, Chrysochloris stuhlmanni, zina jina lake.