Billy Conn: bondia aliyekumbukwa kwa pambano aliloshindwa

Usiku wa tarehe 18 Juni 1941, katika uwanja wa Forbes Field mjini Pittsburgh, Marekani, mechi ya besiboli ilisimamishwa katikati. Haikuwa mvua wala ugomvi. Wachezaji walikaa pembeni, na watazamaji zaidi ya 20,000 wakatega masikio kwenye vipaza sauti, kwa sababu redio ilikuwa inatangaza pambano la ngumi moja kwa moja kutoka New York. Walisikiliza kwa dakika 56, ndipo mechi ikaendelea. Sisi tunaoishi kwa maikrofoni kisa hiki tunakipenda mno, mtatusamehe.

Waliyekuwa wakimsikiliza ni kijana wao, Billy Conn.

Conn alizaliwa Pittsburgh tarehe 8 Oktoba 1917, katika familia yenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Shule haikumkaa. Alijifunza ngumi kwa Johnny Ray, bondia wa zamani, na hakupitia ngumi za ridhaa hata siku moja. Mwaka 1934, akiwa na miaka 16, aliingia ulingoni kama bondia wa kulipwa, na pambano lake la kwanza akashindwa. Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wanaotutumia ujumbe wakitaka kuacha mazoezi baada ya kupigwa mara moja.

Hakuwa na ngumi nzito sana. Silaha yake ilikuwa miguu myepesi, mkono wa kushoto wenye kasi, na kichwa kilichojua kukwepa. Kwa hayo, mwaka 1939, akiwa na miaka 21, akawa bingwa wa dunia wa uzito unaofuata chini ya uzito wa juu. Kisha akauachia mkanda huo kwa hiari yake, akamfuata Joe Louis.

Louis, mtoto wa wakulima weusi wa Alabama, alikuwa bingwa wa uzito wa juu tangu 1937, na wengi waliopanda ulingoni naye walishindwa hata kabla ya kengele ya kwanza, kwa hofu tu. Siku hiyo Conn alikuwa na kilo 77 hivi, Louis kama 90. Tofauti hiyo ni zaidi ya nusu debe la mahindi. Tena nyumbani Pittsburgh, mama yake Conn alikuwa kitandani na saratani, na mwana alikwenda New York akijua kwamba mama hana siku nyingi.

Raundi za mwanzo Louis alitawala. Baadaye Conn akaanza kuzunguka, anapiga na kutoka, anapiga na kutoka, na bingwa akawa anachelewa kila hatua. Raundi ya 12 Conn alimpiga kwa mkono wa kushoto hadi Louis akayumba na kumkumbatia ili asianguke. Kufikia hapo, kwenye karatasi tatu za alama, mbili zilimweka Conn mbele na moja iliwaona sawa. Zilibaki raundi tatu. Kona ya Louis ilimweleza bingwa wao wazi kwamba bila nokauti ubingwa umekwenda. Kona ya Conn ilimsihi kijana akae mbali, azunguke tu.

Conn hakusikia. Aliona Louis amechoka, akataka kummaliza. Raundi ya 13 akaacha kuzunguka, akasimama, wakapigana ngumi kwa ngumi. Kusimama mbele ya Louis kulikuwa ndicho kitu Louis alichokisubiri usiku kucha. Mkono wa kulia ulimpata Conn, zikafuata nyingine, na mwamuzi akamaliza kuhesabu kumi zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi iishe.

Wapo wanaosema ulikuwa ujinga. Kwa hesabu ya pointi, ndiyo, ulikuwa ujinga. Lakini sisi tunaona kwamba mtu wa kukaa mbali na hatari asingepanda ulingoni kumkabili Louis akiwa na kilo 77. Ujasiri uliomfikisha raundi ya 13 ndio huohuo uliomwangusha. Wapenzi wa ngumi wa wakati ule walilielewa hilo, na Conn akatoka pale akiheshimiwa kuliko alivyoingia. Mama yake alifariki siku chache baada ya pambano, na muda mfupi baadaye Conn akamwoa Mary Louise Smith, ingawa baba yake binti alikuwa hamtaki bondia nyumbani kwake.

Marudiano yalipangwa mwaka 1942. Lakini kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, Conn aligombana na huyo baba mkwe, akampiga kichwani, akavunjika mkono. Marudiano yakafa. (Sherehe za ukoo zina mambo!) Wote wawili wakatumikia jeshi wakati wa vita, na walipokutana tena Juni 1946 miguu ya Conn haikuwa ileile. Louis alimwangusha raundi ya 8.

Wakawa marafiki. Inasimuliwa kwamba Conn alimtania Louis kuwa angemwazima ubingwa walau kwa miezi sita, na Louis akamjibu kwamba usiku ule alikuwa nao kwa raundi 12 na hakujua la kuufanyia.

Mwaka 1990, akiwa na miaka 72, Conn alimkuta mwizi akivamia duka mjini Pittsburgh, akampiga ngumi ya kushoto. Miaka yake ya mwisho kumbukumbu zilimpotea, kama ilivyowapata mabondia wengi waliopigwa sana kichwani. Alifariki tarehe 29 Mei 1993. Pittsburgh ina barabara yenye jina lake.