Mama Elisabeth Hesselblad

Twamkumbuka binti huyu wa Sweden, aliyezaliwa kijijini Fåglavik tarehe 4 Juni 1870, mtoto wa tano katika watoto 13. Wazazi wake, Walutheri wamchao Mungu, walikuwa maskini. Basi mwaka 1888, akiwa na miaka 18 tu, akavuka bahari hata New York, akawa muuguzi, apate kuwasaidia wazazi na ndugu zake. Mzigo mzito kwa msichana! Mwaka 1902 akaingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1904, akiwa mgonjwa sana, akaenda Roma ili afie katika nyumba aliyokaa zamani Mtakatifu Birgitta, Mswidi mwenzake. Walakini hakufa, akalifufua shirika la Birgitta, na wakati wa vita akawaficha Wayahudi nyumbani humo. Alifariki mwaka 1957.