Robert Clive, karani aliyeteka nchi

Mwaka 1725 alizaliwa mtoto huko Uingereza, karibu na mji mdogo wa Market Drayton. Jina lake Robert Clive. Alikuwa mkaidi, mpenda ugomvi. Siku moja alipanda mnara wa kanisa akaketi huko juu, na watu waliokuwa chini wakaingiwa na hofu. Kila mwalimu anamjua mtoto wa namna hiyo. Basi baba yake akampeleka mbali, Bara Hindi, awe karani wa kompani ya wafanya biashara.

Kompani hiyo ilipata ruhusa kwa malkia wa Uingereza mwaka 1600. Ilinunua nguo za pamba, hariri na pilipili, ikaziuza Ulaya. Wafanya biashara hao hawakuwa wenye nchi. Walikaa pwani katika bohari zao, kwa ruhusa ya wakubwa wa Bara Hindi. Lakini mfalme mkuu wa Delhi alikuwa amepoteza nguvu, na wakubwa wa majimbo walipigana wao kwa wao. Wafaransa nao walikuwa na kompani yao. Basi kila kompani iliandika askari, wengi wao Wahindi wenyewe, ikasaidia mkubwa mmoja kumpiga mwingine.

Clive alifika Madras mwaka 1744. Kazi ya karani ilimchosha. Vita na Wafaransa vilipoanza, aliacha kalamu akashika bunduki. Mwaka 1751 aliingia mji wa Arcot pamoja na askari 500, Wahindi 300 na Wazungu 200, akailinda ngome yake muda wa siku 50. Tangu hapo jina lake likajulikana.

Mwaka 1756 mtawala wa Bengal, kijana aitwaye Siraj-ud-Daulah, alikasirika kwa kuwa Waingereza walijenga maboma Calcutta pasipo ruhusa yake. Akauteka mji. Usiku ule wafungwa wengi walisongwa katika chumba kidogo, wakafa kwa joto na kukosa hewa. Clive akaja kwa merikebu, akaurudisha mji mwaka 1757.

Hakutosheka. Alituma watu kwa siri kwa Mir Jafar, mkuu wa jeshi la Siraj, akamwahidi utawala. Tajiri mmoja, Omichand, aliijua siri hiyo akadai feza nyingi ili anyamaze. Clive akaandikisha mapatano mawili: ya kweli juu ya karatasi nyeupe, ya uwongo juu ya karatasi nyekundu, ndiyo yenye ahadi ya feza. Mkuu wa merikebu alikataa kutia sahihi katika ile nyekundu. Basi Clive akaamuru mtu mwingine aiandike sahihi hiyo. Tendo baya kweli, wala hakulijutia: miaka mingi baadaye alisema mbele ya wakubwa wa London kwamba angelifanya tena.

Tarehe 23 Juni 1757 majeshi yalikutana Plassey, penye miembe mingi. Clive alikuwa na watu 3.000 hivi, Siraj karibu 50.000. Mvua kubwa ikanyesha. Waingereza walifunika baruti yao. Baruti ya Siraj ikalowa. Mir Jafar na askari wake wakasimama wakitazama tu. Siraj akakimbia, na siku chache baadaye akauawa. Omichand alipodai feza zake, akaonyeshwa karatasi nyeupe.

Mir Jafar akawa mtawala, akampa Clive zaidi ya pauni 230.000. Mwaka 1765 mfalme mkuu Shah Alam akaipa kompani haki ya kutoza kodi katika Bengal, Bihar na Orissa. Tangu siku hiyo kompani ilinunua nguo za Wahindi kwa kodi ya Wahindi wenyewe. Ilipokuja njaa kubwa ya miaka 1769 na 1770, kodi iliendelea kudaiwa, na watu wakafa kwa mamilioni.

Clive alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, tajiri sana. Bunge likamhoji juu ya mali yake, lakini halikumwadhibu. Akafa London mwaka 1774, mwenye miaka 49. Alizikwa katika kanisa la Moreton Say, karibu na alikozaliwa, na juu ya kaburi hawakuandika jina lake. Kompani ikaendelea kuteka jimbo baada ya jimbo, hata askari Wahindi walipoasi mwaka 1857. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaiondolea utawala, ikatawala yenyewe mpaka mwaka 1947.